Mkesha Huu Nilichelewa

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea tu, sijui nani ataitikia.

Krismasi imepita. Nimekula pilau ya Mama, nimeosha vyombo, wenzangu wakicheka na mimi nimecheka. Silii. Tangu tulipokuzika mwezi wa nane sijatoa chozi, na wanawake ninaouza nao dagaa kule sokoni Mwaloni wameanza kuniangalia vibaya.

Nikuambie la mkesha. Nilipanda meli ya mchana kutoka Mwanza kama siku zote. Unajua ilivyokuwa: mguu ukigusa gati la Nansio, nakusikia unagonga ile rimu ya lori, kengele yetu kule juu kanisani. Natembea na begi langu, nafika ibada inaanza. Nilikuwa hata najisifu sokoni kwamba mimi mkesha sijawahi kuchelewa.

Safari hii nilishuka, rimu kimya. Nikafika kanisani watoto wameshamaliza kusema mistari yao, kwaya imekaa. Nikasimama nyuma, pale penye maputo na zile karatasi za chooni za rangi ulizokuwa unazichukia. Nikadhani meli imechelewa. Nikaangalia simu. Ilifika muda wake uleule.

Baada ya ibada nikamuuliza mzee Bwire, ndiye anayegonga sasa. Akasema anagonga saa kumi na moja kamili, kama Mchungaji anavyotaka. Akatabasamu kidogo. "Baba yako alitutesa, mwanangu. Anasimama pale kwenye rimu, macho gatini. Hajakuona, hagongi."

Nikamuuliza, na ile miaka mitatu ambayo sikuja?

Akasema ulikuwa unangoja mpaka wa mwisho ateremke, mpaka wabeba mizigo. Ndipo unagonga, na Mchungaji anakusema mbele ya watu.

Baba, ile miaka mitatu nilikuambia kwa simu nakuja. Sikuwa nakuja. Nilijua tangu asubuhi. Desemba dagaa wana soko, na niliona haya kukuambia hapana, nikaona bora nipige jioni niseme nimekwama. Ukanijibu, "Haya mwanangu, tutaonana Mungu akipenda." Hukusema kwamba ulisimama pale.

Hata hapo sikulia. Niliomba kiti tu.

Nisamehe. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo.

Nimeomba mkesha ujao nigonge mimi. Mzee Bwire kafurahi, magoti yanamsumbua. Mchungaji amekubali, ila saa kumi na moja kamili, amesisitiza: "Mambo ya baba yako hatuyataki tena." Nikamwambia sawa, Mchungaji.

Lala, Baba. Mama nitamwangalia. Nitafika Nansio siku moja kabla, na nitasimama pale kwenye rimu mpaka wa mwisho ashuke, awe mtoto wa yeyote. Mchungaji nimemdanganya.

Binti yako,
Nyangeta