Tumbo la Baba Limevimba

Mama,

Shikamoo. Ulipokwenda kisimani alifika mtu nisiyemjua, kwa baiskeli, ametumwa na daktari wa hospitali alikolazwa Baba. Tumbo la Baba limevimba pale alipokatwa ule utumbo wenye vidonda, na homa imepanda. "Nani alimkanda kwa maji ya moto jana?" aliuliza. Nikasema ni mimi. Usilie, Mama. Ulimkanda kwa mapenzi, kama unavyowakanda waliojifungua.

Uji umo chunguni. Ndama hajafungwa. ~~Nitarudi kesho.~~ Sijui nitarudi lini.

Treni ya Mwanza itaniacha leo, na kule shuleni nafasi yangu ya ualimu atapewa mwingine. Lakini nilimwahidi Baba kwamba ule mfuko wa kinyesi aliobandikwa tumboni atausafisha mwanawe, si mgeni. Nimekwenda hospitali kwake.

Mwanao wa kwanza,
Mabula