Kwako Uliyekuwa Mkwe Wangu

3 Machi

Kwako uliyekuwa mkwe wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kazi yako ya mikate. Mimi nipo. Nyonga niliyoivunja inaniruhusu kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, basi, hiyo ndiyo safari yangu.

Ningepiga simu, lakini simu ungeikata. Barua angalau mtu huifungua kwanza ndipo aichane.

Mwanangu amelazwa hospitali kuu, hapo hapo mjini kwenu. Jumatano alikuwa yadi akifunga turubai la lori, wenzake wakamwona anakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, asiinuke tena. Ni kiharusi. Wanasema upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki. Yuko wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na nne. Wenzake ni madereva, leo wapo, kesho wako mpakani. Mimi basi siwezi kulipanda. Ndugu mwingine hana.

Najua mmeachana huu mwaka wa sita. Najua pia ni nani aliyesimama mlangoni siku unabeba sanduku lako, akakuambia hujui kuvumilia. Sina uso wa kukuomba, basi nakuomba hivyo hivyo bila uso. Nenda kamwone mara moja, uniandikie yukoje.

Mama wa aliyekuwa mumeo


7 Machi

Mama,

Barua nimeipata. Mimi ni mzima.

Nilikwenda jana saa kumi, baada ya kutoka kazini na kujiosha unga. Amekonda. Mdomo umevutwa upande mmoja na jicho la kulia linatoa machozi lenyewe. Nesi ameniambia si kilio, ni mishipa. Aliponiona alinitambua papo hapo, akageuzia uso ukutani. Nilikaa robo saa nikitazama kisogo chake.

Uji wake ulikuwa juu ya kabati, umeganda. Hakuna aliyemlisha. Manesi ni wawili kwa vitanda thelathini, siwalaumu. Nilimgeuza nikamlisha vijiko saba. Cha nane alifumba mdomo.

Ulitaka niende mara moja, nimekwenda. Nguo za kubadili hana. Mtafute mtu aliye karibu naye kuliko mimi.

Aliyekuwa mkweo


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo hukuiandika, lakini nachukulia ilidondoka bahasha ilipokuwa inafungwa.

Vile vijiko saba nimevisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote mwaka huu. Ahsante. Sikuombi tena. Nimempa kondakta wa basi fulana tatu na suruali mbili za kulalia. Ukiona uzito kuziingiza wodini, mwachie mlinzi wa getini.

Neno moja tu, kwa yeyote atakayemlisha. Asimlishe akiwa amelala. Alipougua surua akiwa mdogo, kila kijiko nilichompa alikitema, nikampiga nikidhani ni ukaidi, kumbe alikuwa anaogopa kupaliwa. Mtu amwinue kwanza, amwekee mto mgongoni. Mambo mengi ya mwanangu nimeyajua nikiwa nimechelewa.

Mama yake


24 Machi

Shikamoo Mama,

Nyonga inasemaje? Usiilazimishe.

Nilikusudia kumwachia mlinzi zile nguo, nikamkuta anasinzia, basi nikaingia. Kesho yake nikaingia kuuliza kama zimemtosha. Siku ya tatu sikutafuta sababu. Sasa naenda kila siku. Natoka kwenye tanuri saa nane, nalala kidogo, saa kumi niko kwenye benchi la nje na wenzangu wenye vikapu, tunangoja mlango ufunguliwe. Benchi lile lina ukoo wake. Usipofika siku moja unaulizwa.

Kweli, ukimwinua anakula. Juzi alimaliza bakuli.

Kitanda cha jirani yuko mzee mmoja fundi saa, amevunjika mguu na umening'inizwa kwa kamba, wodi nzima inamwita Mguu Juu. Huyo ndiye mlezi wetu nisipokuwepo. Mgonjwa wetu akishindwa kumeza, yeye anapiga kelele mpaka nesi aje. Aliniambia, "Usiwe na wasiwasi, dereva ameegesha tu, injini bado ina moto."

Maneno yameanza kurudi. La kwanza lilikuwa "maji". La pili ni "hapana", na hilo analitumia kwa kila kitu. Namuuliza uji umepoa, anasema hapana. Nauonja, umepoa. Namuuliza niende zangu, hapana. Nikae, hapana. Siku moja tulicheka, Mama, yeye kwa upande mmoja wa mdomo na mimi kwa pande zote mbili.

Lakini sitaki kukudanganya. Kuna siku namwosha huku nimekunja uso. Mtoto wetu alipigania pumzi siku mbili kabla hajafa, baba yake yuko barabarani na mzigo wa watu, na hakugeuza lori. Aliporudi nilimwambia anieleze. Aliinamisha kichwa. Angesema neno lolote, hata la uongo, labda ningebaki. Niliondoka kwa sababu ya kile kichwa kilichoinama, na leo ndicho ninachokishika nikikiosha sabuni. Natamani kumuuliza tena. Ila ndiyo hivyo, maneno aliyonayo ni mawili.

Mkweo


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na safari hii imefika.

Kaa chini ndipo usome. Nimeichana barua hii mara tatu.

Ile Jumatatu ulinipigia simu asubuhi. Ulisema mtoto anahema kwa shida, mnalazwa, baba yake hapatikani, na akinipigia nimwambie ageuze. Uliendelea kueleza, mimi nikakukatiza, nikasema nimesikia. Nilikuwa nimekununia kwa jambo ambalo leo hata silikumbuki. Fikiria hilo. Silikumbuki.

Jioni alipiga, yuko kwenye kituo cha mizani. Simu yako ilikuwa imezimika, akaniuliza mimi habari za nyumbani. Nikamwambia mtoto ana mafua, umempeleka kupimwa, nawe unapenda kukuza mambo. Akauliza, "Mama, nigeuze?" Nikamwambia aendelee na kazi. Akauliza tena. Nikamjibu vile vile.

Alipopata mtandao tena mtoto alikuwa ameshazikwa.

Alikuja kwangu kabla ya kuja kwako. Hakunipigia kelele, afadhali angenipiga. Alikaa kwenye ngazi, akasema, "Mke wangu hana mama mwingine. Amepoteza mtoto, asipoteze na wewe. Acha anikasirikie mimi, hasira zitapita." Nilitakiwa kukataa. Sikukataa. Nilishukuru, nikaingia ndani kupika. Hasira hazikupita, ukaondoka, nami nikasimama mlangoni nikakuambia uliyoyasikia. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu umevunja nyumba.

Kichwa kile kiliinama kwa ajili yangu. Sikuombi kitu. Nimeona tu si haki umwoshe mtu huku ukimhesabia kosa la mwingine.

Mama yake


8 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Kondakta anayetubebea barua anapita kila Jumatatu na Alhamisi, nami namwuliza, naye anatikisa kichwa kabla hata sijamaliza kuuliza.

Una haki ya kutoniandikia. Kama huendi tena wodini pia una haki. Niambie hilo tu, nimtafute mtu wa kumwinua wakati wa kula.

Mama yake


23 Aprili

Shikamoo Mama,

Umeamkaje, umekula? Jirani yako aliniahidi kwamba hatakuacha peke yako.

Siku ile kwenye simu nilikwambia tu kwamba amekwenda, ukaniambia alazwe kando ya binti yake kwa kuwa wewe huwezi kusafiri, kisha tukabaki tunasikilizana kwikwi mpaka simu ikakatika yenyewe. Sasa nakuandikia yaliyobaki. Ni haki yako kuyajua.

Barua yako ya tarehe thelathini niliisoma kazini. Niliikunja nikaiweka kifuani, nikarudi kwenye donge, nikalikanda mpaka msimamizi akaniuliza limenikosea nini. Siku nne sikwenda hospitali. Usidhani nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na aibu. Miaka sita nimemsema kwa watu.

Nilipokwenda, Mguu Juu alinigombeza. Alisema dereva amekataa kula, kazi yake ni kutazama mlango. Nikamwinua, nikamwekea mto. Nikamwambia, "Mama ameniandikia. Ile simu naijua."

Alinitazama sana. Akasema, "Hapana." Nilidhani ni ile hapana yake ya siku zote. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akanifunika mdomo kwa kiganja. Akasema, "Mama." Neno hilo alikuwa hajawahi kulisema tangu augue. Mpaka leo sijui kama alikuwa anakutetea wewe au ananiita mimi, maana binti yetu alipozaliwa aliacha jina langu akawa ananiita hivyo.

Baada ya hapo tulipata siku tisa. Nilikuwa namnyoa. Nilimletea mkate wa moto, nikamlowekea kwenye chai, akala akifumba macho. Nami nilimsimulia zile siku mbili za mtoto, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsimulia. Nilimwambia mtoto alivyokuwa amenishika kidole, na alivyotulia asubuhi ya pili mpaka nikadhani amepona. Siku nyingine nilisimulia kidogo tu, nikashindwa, nikaendelea kesho yake. Alisikiliza yote. Yale machozi, Mama, hayakuwa mishipa. Yalitoka macho yote mawili.

Jumatatu ya tarehe kumi na tano alikunywa chai yote. Nilikwenda kusuuza kikombe bombani, kulikuwa na watu wawili mbele yangu. Nikasikia Mguu Juu anaita nesi, na sauti yake haikuwa ile ya mizaha. Nilipofika pazia lilikuwa limeshavutwa. Nesi alinishika mabega, akaniambia nisubiri. Nikasubiri na kikombe changu mkononi mpaka daktari akatoka akatingisha kichwa.

Madereva wenzake walikuja kumi na mmoja. Ndio waliombeba, na ndio waliofukia. Kaburi la mtoto nililipalilia siku moja kabla. Sasa wamelala sambamba, nafasi kati yao ni hatua moja.

Kuhusu mimi na wewe. Neno la msamaha nimejaribu kuliandika mara mbili, kalamu imekataa, nami sitaki kulilazimisha. Lakini nimeomba likizo ya wiki moja na nimepewa. Jumamosi ya tarehe kumi na moja Mei nitapanda basi la asubuhi nije. Usihangaike kutandika wala kupika. Nitafanya mwenyewe nikifika.

Mkweo


29 Aprili

Mwanangu,

Nakula. Jirani ananisimamia kama askari, sina njia ya kukataa.

Njoo. Na neno lile usilitafute njiani kwa kunihurumia. Kama haliji, lisije. Kitanda utakikuta kimetandikwa, maana jirani anajua ubishi kuliko mimi na wewe.

Nimefurahi kwamba alisimuliwa. Tangu nisome hapo sijalala vizuri, na si kwa sababu ya nyonga. Miaka yote hii nimesema "mjukuu wangu" mbele za watu, na sikuwahi kukuuliza hata siku moja aliondokaje. Niliogopa jibu, nikaita woga huo heshima.

Ukifika, ukishapumzika, ukiwa tayari, nisimulie na mimi zile siku mbili. Anzia asubuhi ile uliponipigia simu. Sema uliyokuwa unataka kuyasema. Safari hii nitakusikiliza mpaka umalize.

Mama