Ekzosi Niliyochagua Nikiwa Nyuma ya Gari

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi kimeanza kukuachia usingizi. Huku hatujambo. Mama naye hajambo, goti tu ndilo lenye maneno. Mimi mwili mzima, uso ndio sina.

Kigari chako kipo, na pamoja na uzee wake bado kinawaka mara moja. Ila ekzosi, lile bomba la moshi, ilioza, ikadondoka mbele ya duka la dawa, nikaiokota kama mtu aliyeangusha kofia. Uliniambia kwenye simu ninunue ya kawaida, inayofanana na ile ile, Mama asisumbuke akienda kliniki. Nilikusikia vizuri. Sitausingizia mtandao.

Kwa fundi nilikuta mbili. Moja nyeusi, imetulia kama bwana harusi mbele ya wakwe. Ya pili ina mdomo mpana, inang'aa. Fundi akaishikiza hiyo ya pili, akakanyaga mafuta. Gereji nzima ikageuka. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, hilo si gari tena, ni simba!" Dada, kwa umri wangu, nani hugeuka kunitazama? Fundi akauliza, "Abiria wako ni nani?" Nikamjibu, "Wewe funga tu."

Nilichagua nikiwa nimesimama nyuma ya gari. Ndani sikuketi hata kidogo. Kumbe humo, kilima kikianza, kunavuma mpaka viti vinatetemeka. Mama alipanda siku moja tu. Tulipofika kliniki wagonjwa walijazana madirishani kuona ni nini kinakuja. Tangu hapo anakwenda kwa miguu, na goti lile, gari limekaa uani linang'aa. Jirani mshona viatu ananiita Rubani.

Alhamisi nilimfuata barabarani, pole pole, kioo nimeshusha, namsihi apande. Mimi nabembeleza, gari linanguruma, watu wanatoka milangoni. Hakugeuka. Akasema tu, "Zima hicho kitu kwanza, ndipo uniite Mama."

Nikazima. Nikaliacha hapo hapo, nikampokea mkoba, tukatembea. Njiani ndipo aliponiambia kwamba kila ukimpigia simu anakujibu kuwa namwendesha vizuri, hana neno. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Basi nakuandikia mwenyewe, kabla hajachoka kunisitiri. Nisamehe, Dada. Gari ni lako na Mama ni wetu, nami vyote viwili nilivipima kwa makofi ya watu nisiowajua.

Kesho tunarudi kwa fundi kufunga ile nyeusi. Mama amekubali kuja, ila kwa sharti: ataketi ndani, atasikiliza, na fundi atamuuliza yeye. Mimi nimeambiwa nisitie neno.

Nisalimie shemeji, na wapwa wote, hasa yule mdogo anayependa magari. Huyo usimsomee barua hii. Shangazi naye mpe salamu zangu mkikutana. Mungu awafunike huko mliko, awape afya, na majirani wenye ndimi fupi.

Wako akupendaye, japo kwa sasa anapita uchochoroni,

Mdogo wako.