Kilo tisini za gari la Bwana Deo

Jumatatu, 18 Novemba

Felista kapewa gari la mashindano. Peke yake, mkono wake mwenyewe. Simu imenikuta nakamua, nikaruka, ng'ombe kapiga teke ndoo, maziwa yote chini. Sikumgombeza.

Gari ni la Bwana Deo, mtoto wa Bibi Yustina wa hapa hapa Uru. Anafanya kazi Dar es Salaam. Milango miwili, jekundu, la chini, ukisimama karibu unaona paa tu. Lina kilo elfu moja mia mbili na tisini. Januari anataka kushindana na wenzake kupanda kilima, na kundi lake haliruhusu zaidi ya elfu moja na mia mbili. Kwa hiyo zitoke kilo tisini. Lakini hataki gari ligeuke mkebe. Viti vibaki laini, kiyoyozi kibaki, urembo ubaki. Krismasi atampeleka mama yake kanisani humo humo, na Bibi Yustina ana nyonga mbovu.

Mafundi wawili wa mjini wamekataa. Wamemwambia achague, wepesi au raha. Felista kasema vyote viwili vinawezekana. Fundi Hamisi, mwenye gereji ya Rau, akamjibu basi lichukue, likikushinda unarudi kwenye kumwaga oili. Miaka sita mwanangu anamwaga oili.

Halitamshinda. Nimemzaa mimi.

Alhamisi, 21 Novemba

Kahawa ya mwisho mwisho. Debe moja na nusu. Mgongo unauma.

Jirani yangu Mama Konso nimemweleza habari ya gari mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alijifanya anafunga kanga. Mtoto wake yuko benki. Benki ni kukaa.

Leo nimeikumbuka mashine ya kumenya kahawa. Felista darasa la tano, kaifungua yote, vyuma vimetapakaa uani. Marehemu baba yake akaenda kutafuta fimbo. Aliporudi mashine imeshafungwa, inazunguka laini kuliko mwanzo, na mtoto ana boliti moja imebaki mkononi. Mpaka leo hatujui ilikuwa ya nini. Mashine ipo. Inamenya.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimeshuka Rau kuona kwa macho yangu. Nimemkuta mwanangu kalinyonyoa gari kama mtu anavyomnyonyoa kuku manyoya. Kila kitu kimepangwa juu ya turubai. Ana mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Anapima kimoja kimoja, anaandika kwa chaki sakafuni. Hata boliti anapima.

Nimemuuliza anajuaje cha kutoa na cha kuacha. Kasema, "Mama, kitu ambacho jicho halikioni na mgongo haukigusi, hicho ndicho natafuta."

Nimeandika hapa nisisahau. Mimi na darasa langu la saba nimezaa mtu wa kusema hivyo.

Tairi ya akiba imetoka na jeki yake, badala yake ataweka pampu ndogo ya umeme. Imebaki shimo la duara chini ya buti, lina kifuniko chake. Sabufa imetoka, lile sanduku la muziki zito kuliko jiwe la kusagia. Kiti cha nyuma kimetoka, hakuna binadamu aliyewahi kuenea pale. Chini ya zulia kulikuwa na lami ya kuzuia kelele, ameibandua kipande kwa kipande kwa patasi, ataweka kitambaa kizito cha manyoya. Nilitaka kusaidia. Kaniambia nikae.

Jumamosi, 30 Novemba

Kiti cha gari kiko jikoni kwangu. Kimekuja na bodaboda, kimefungwa mpira.

Felista kakata chuma cha ndani na kutoa mota za kukisogeza. Sasa anataka kujua kama bado kina raha. Anasema mgongo wangu ni sawasawa na wa Bibi Yustina. Siyo kweli, mimi bado kijana, lakini nimekubali. Nimekaa saa nzima nachambua maharage.

Kibovu. Baada ya nusu saa kuna chuma kinakutafuta kiunoni. Nimemwambia hivyo hivyo. Hakukasirika. Kakichukua.

Jumatano, 4 Desemba

Kiti kimerudi. Ndani kaweka mikanda ya mpira iliyopishana kama kitanda cha kamba, juu yake sponji nyembamba mbili, ngumu chini, laini juu. Juu kabisa ngozi ile ile nyeusi yenye uzi mwekundu. Ukikiona huwezi kujua kimeguswa.

Nimekaa na bakuli la maharage. Nimeamka maharage yako chini na mtori wa ndizi umeshika sufuria.

Nimempigia. Nimemwambia kiti kimefaulu.

Mama Konso alipita akaomba akae kidogo. Nimemruhusu. Dakika tano, kwa saa.

Jumanne, 17 Desemba

Keshokutwa kupima. Mizani nimetafuta mimi. Ghala la chama chetu cha kahawa lina mizani nne za magunia, na karani Temba kakubali tuziweke moja chini ya kila tairi, halafu ajumlishe. Kwa mizani hizo nimepima kahawa miaka thelathini, najua kuzisoma kuliko yeye.

Felista kwa hesabu zake za chaki anasema kilo tisini na nne zimetoka. Amekonda. Hali vizuri. Naogopa, lakini simwambii.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku mbaya. Naandika kwa mpangilio.

Asubuhi Felista kapandisha gari kutoka Rau, akapita nyumbani kunywa chai. Gari limesimama kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, linang'aa, watoto wa jirani wamejipanga kujiangalia kwenye mlango. Nikajisikia kulia. Akiwa ndani anakunywa chai, nikafanya kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Gari haliondoki kwetu tupu. Baada ya kupima, Bwana Deo alikuwa alipeleke moja kwa moja kwa mama yake, basi nikamwekea Bibi Yustina mkungu wa ndizi mshare, parachichi mfuko mmoja na maziwa galoni ndogo. Vimeingia vizuri kwenye lile shimo la tairi, nikafunika. Sikumwambia mtu. Zawadi haitangazwi.

Ghalani watu wamejaa. Temba kasoma mizani nne, kajumlisha, karudia. Elfu moja mia mbili thelathini na tatu. Zimezidi kilo thelathini na tatu.

Felista alisimama anaangalia tairi. Mimi ndiye niliyesema. Nimemwambia Temba mbele za watu kwamba mizani zake ni wezi tangu zamani, zinatuibia kahawa na leo zimemwibia mwanangu. Temba kafunga daftari lake.

Bwana Deo hakugomba, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi. "Umejitahidi, dada. Baada ya sikukuu nitalipeleka Nairobi."

Felista kaomba siku mbili. Bwana Deo kakubali. Kalizungusha mpaka kwa mama yake kumwonyesha, akalirudisha kwa Felista. Kesho mwanangu anatoa kiyoyozi na kuweka viti vyembamba visivyo na sponji. Litakuwa mkebe, kama wale mafundi wawili walivyosema.

Na Bibi Yustina hata simu ya kushukuru hakuna. Mkungu mzima wa mshare. Watu wamebadilika.

Ijumaa, 20 Desemba

Ni mimi.

Nimeenda mgombani kukata majani ya ng'ombe, nikaona kisiki nilipokata ule mkungu, kinatoa maji. Nikasema moyoni, huyu bibi kweli ameshindwa hata kusema asante. Panga likanidondoka. Hakushukuru kwa sababu hajapata. Ndizi zilikuwa kwenye buti. Zilipimwa.

Nimempigia Felista simu, haipokelewi. Akiwa chini ya gari hasikii. Nikakata majani ya isale uani, yale ya kuombea radhi. Kwetu mdogo ndiye anampelekea mkubwa isale. Sijawahi kuona mzazi anampelekea mtoto. Nimeyafunga kwenye kanga nikapanda bodaboda na gambuti zangu za shambani.

Kiyoyozi kilishatoka, kiko kwenye turubai. Kiti kimoja kimetoka. Mafundi wote wapo, na Fundi Hamisi. Nikampa Felista isale kwa mikono miwili.

Kaniuliza, "Mama, nani amekufa?"

"Fungua shimo la tairi, mwanangu."

Kafungua. Joto la Rau limeshaivisha ndizi nusu, maziwa yameganda. Nikajua sasa nitasikia neno ambalo sitalisahau. Kachukua mizani ya kuning'iniza. Mkungu kilo ishirini na nne. Parachichi nane. Maziwa tano. Kaandika kwa chaki, thelathini na saba. Halafu akakaa chini juu ya tairi, isale mkononi, akacheka mpaka machozi. Fundi Hamisi naye. Mimi sikucheka. Nililia.

Kaniambia hesabu zake zilikuwa sawa, hicho tu ndicho alichotaka kujua. Usiku kucha alidhani hajui kujumlisha.

Kiyoyozi kinarudi leo leo.

Jumamosi, 21 Desemba

Kabla ya kupima nimempa Temba isale lake, mbele ya watu wale wale walionisikia nikimtukana. Kalipokea. Kasema, "Mama Felista, miaka thelathini nangoja." Watu wamecheka, na mimi nimecheka.

Bwana Deo nimemweleza mwenyewe, sikumwachia Felista. Kisha Temba akafungua buti, akafungua shimo, akaingiza mkono mpaka kwenye kona. Ndipo akapima.

Elfu moja mia moja tisini na sita. Na kiyoyozi ndani, na viti laini, na ngozi yenye uzi mwekundu.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Bwana Deo kazunguka gari mara mbili anatafuta kilichopungua. Hakukiona. Kampa Felista mkono, na safari hii hakumwita dada. Kamwita fundi.

Zile ndizi mbivu wamekula mafundi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Ukungu asubuhi, kisha jua.

Bibi Yustina kaja kanisani na gari jekundu. Wamefika na watu wamesimama kumpokea, lakini mlango haukufunguliwa. Alikuwa amelala. Barabara yote ile ya mawe, na nyonga ile. Bwana Deo hakumwamsha. Tumengoja nje kimya, hata padri. Mama Konso alikuwa pembeni yangu. Sikumwambia kitu. Aliona.

Felista aliinama akasikiliza mkoromo dirishani, akarudi nyuma. Basi. Hakuringa. Mimi naringa kwa ajili yake.

Wenzake wawili wa Bwana Deo wanataka magari yao yapunguzwe hivyo hivyo, na Fundi Hamisi kamwambia Felista achague sehemu yake ya gereji. Nimewaalika wote wapande hapa nyumbani kula. Pombe ya mbege imeshawekwa. Mkungu wa Bibi Yustina nimeuchagua, bado uko kwenye mgomba, nitaukata wakishafika na nitampa mkononi. Bwana Deo na mama yake na wenzake, Fundi Hamisi na mafundi wake, Temba, hata Mama Konso. Wanakuja Jumamosi, tarehe ishirini na nane.