Skonzi Zenye Alama ya Kidole

Jumatatu, 3 Agosti
Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Newala. Nimeshusha magunia arobaini ya ngano kabla ya chai. Hapa kwenye tanuri la Mtoni chai ni skonzi, mchana skonzi. Ndicho chakula tunachopewa. Nesi wa kliniki ya figo kasema skonzi si sumu. Mbili kwa siku, unga mweupe, ziumuke kwa hamira, bila chumvi, bila beking pauda, bila tui. Kipimo ni Ijumaa ya wiki ijayo. Figo zikizidi kuharibika, nabaki Dar kusafishwa damu. Zikitulia, daktari ananiruhusu kwenda nyumbani. Nataka nyumbani. Nimewachoka watu wa hapa.

Jumanne, 4 Agosti
Mama Zuhura, mwenye tanuri, kakubali nikande bonge langu la unga. Kila skonzi naibonyeza dole gumba katikati, zisichanganyike na za kuuza. Fundi Hamisi kaiminya moja mbele ya wote. "Oya, hii skonzi au godoro?" Wamecheka mpaka wakakohoa. Mijitu mijinga. Kweli hazina ladha. Nimemeza kwa hasira.

Ijumaa, 7 Agosti
Leo skonzi zangu tamu. Nesi alisema mdomo utazoea. Nimekula mbili nikimkazia macho Hamisi. Anacheka chini chini. Namchukia.

Jumapili, 9 Agosti
Miguu imevimba. Ndala haziingii. Masharti yote nimefuata. Sasa niache nini tena, hewa?

Jumatatu, 10 Agosti
Nimejua. Nilirudi kuchukua kitambaa cha begani, nikamkuta Hamisi anamwaga chumvi kwenye bakuli langu la kukandia. Tangu Alhamisi, kakiri mwenyewe. "Braza, nilikuonea huruma. Mtu mzima unakulaje pamba? Unakonda."
Huruma! Nilishika mti wa kuvutia trei. Mama Zuhura akasimama katikati yetu. Huyu angeniua huku anajiona mwema. Bonge nimelitupa. Bakuli sasa linakaa ndani kwa Mama Zuhura.

Ijumaa, 14 Agosti
Kliniki. Figo hazijaharibika zaidi. Lakini kwa uvimbe huu daktari kanikataza kusafiri. Nipime tena baada ya mwezi. Mwezi mzima, kwa mkono wa mtu mmoja.
Nimemwambia Hamisi hivyo hivyo, mbele ya wote. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi, 15 Agosti
Skonzi zangu zilipotoka motoni, Hamisi kachukua moja yenye alama. Kaila yote, bila chai, bila kukunja uso. Kisha kanisogezea mbili.
Sijamsamehe. Nimekula.
Pamba tupu.
Ndala zinaingia tena, kwa shida. Kipimo kikiwa kizuri, nitafika Newala korosho zikianza kuanguka.