Mvua Katika Kaseti za Ayeeyo Dahabo

Uswidi, Desemba

Mwanangu Nasra,

Assalaam aleikum. Kwanza niambie, kikohozi cha baba yako kimepungua, au bado anakaa nje asubuhi na fulana moja kama kijana? Na wewe na darasa lako mnaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Mengine utayasoma humu, na nakuomba uyasome peke yako kabla hujamsomea mtu mwingine.

Nilifika salama. Ndege tatu, peke yangu, na kila uwanja nilitoa ile karatasi uliyoniandikia, nikashikwa mkono na kupelekwa kama mbuzi wa sokoni. Habaryar wako Shamsa, mama yako mdogo, alinipokea na koti zito mkononi. Tulikumbatiana tukalia mpaka askari wa uwanja akaja kuuliza kama tumefiwa. Sikuweza kumtazama usoni.

Baridi ya huku siielezi, utadhani natia chumvi. Saa tisa mchana giza limeshaingia na taa za barabarani zinawaka. Shamsa anakaa ghorofa ya tatu. Mumewe anafanya kazi mji mwingine na hurudi Ijumaa tu. Watoto wanashinda shule, na yule mdogo analelewa na jirani mpaka jioni. Kwa hiyo mchana tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na lile nililokuja nalo kifuani.

Naliandika wazi, kwa sababu miaka miwili sijawahi kulisema. Shamsa alipotolewa kambi ya wakimbizi ya Ifo na kuletwa huku, jina la mama yake halikuwemo kwenye orodha. Aliniachia mimi bibi huyo, Ayeeyo Dahabo, kwa sababu nilikuwa mkalimani wa zahanati pale na tulikuwa tumeshakuwa ndugu. Mzee akafa mwaka ule ule. Na mimi nikawa namtumia Shamsa kaseti zenye sauti ya mama yake, kana kwamba yu hai.

Wewe ulinikataza. Ulisema, mama, huku ni kumchezea maiti. Nikakufokea, nikakwambia mwanamke ana mimba ya miezi minane, mwache ajifungue kwanza. Akajifungua. Kisha mtoto akaugua. Kisha nikaogopa tu, sina maneno mengine. Ile siku moja niliyomrekodi mzee ndani ya hema lake tuliikatakata kwenye redio yako ya kaseti mbili, salamu kaseti hii, dua kaseti ile, nami nikajaza katikati na habari za kwetu Garissa.

Siku yangu ya tatu hapa, baada ya alasiri, Shamsa alileta chai, akaketi, akawasha redio. Sauti ya Ayeeyo ikajaa chumba kizima, ikimwombea watoto wema na riziki ya halali. Nimeisikia sauti hiyo mara nyingi, unajua. Lakini mle ndani nilijikuta naitikia amin, na Shamsa naye akaitikia, sote tumeikodolea macho redio. Anafanya hivyo kila siku. Watoto wake wakirudi shule huvua viatu mlangoni, wakaiamkia redio kwanza, kisha mama yao.

Nikasema, "Shamsa, kuna jambo."

Akasema, "Sikiliza kwanza mvua."

Nikasikiliza. Nyuma ya dua, mvua ilikuwa inapiga turubai la hema. Akaitoa kaseti, akaweka nyingine, mvua. Akaweka ya tatu, mvua.

"Hii uliituma mwezi wa pili," akasema. "Jilaal, walaal, kiangazi kikavu. Mifugo inakufa kwa kiu nchi nzima, na juu ya mama yangu kunanyesha."

Nasra, sisi ni watu wa mifugo. Mtu wetu hajui alizaliwa mwaka gani lakini atakwambia mvua ya mwaka ule ilianza lini. Nilisahauje? Alikuwa amejua tangu kaseti ya pili. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba angesema, kaseti zingekoma. Na tikiti aliyonitumia ilikuwa kwa ajili hiyo, nimwambie kwa mdomo wangu, na nije peke yangu.

Nikamwambia. Homa, siku aliyokufa, kaburi liko upande gani wa kambi na nililiwekea mawe gani. Niliposema kwamba mimi na majirani wawili ndio tuliomwosha, aliuchukua mkono wangu na hakuuachia mpaka nilipomaliza.

Kisha akauliza, "Muda wote ule ulipomrekodi, alisema dua na salamu tu?"

Hapo ningeweza kujibu ndiyo. Nilitamani sana.

Nilimweleza yale tuliyoyakata. Ayeeyo hakuwahi kuona kaseti. Yeye alijua redio ya taar pale sokoni Ifo, ambamo mtu husema, akanyamaza, na ndugu yake wa Kismayu akamjibu. Kwa hiyo aliuliza. "Shamsa, hooyo, mwanangu, unanisikia?" Akanyamaza, akangoja. "Umeshajifungua?" Akangoja. "Mbona hujibu, umenikasirikia?" Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamweleza kwamba hii haijibu, mpaka ipelekwe na ndege. Akanipungia mkono ninyamaze, nisije nikaifunika sauti ya binti yake. Akangoja mpaka upande ule wa kaseti ukaisha, na mvua inanyesha. Siku nne baadaye alikufa.

Shamsa hakulia. Alikwenda kufunga pazia, akarudi akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, tukakaa hivyo mpaka watoto walipogonga. Lakini tangu siku ile, nikibaki peke yangu humu na nyumba ikatulia, nasikia kule kungoja kwake. Nafungua bomba la maji ili nisisikie.

Nisalimie baba yako na umwambie dawa ya kifua si mapambo ya dirisha. Nisalimie shangazi yako Asha dukani kwake Iftin, na mama mkwe wako, na jirani yetu fundi cherehani ambaye najua ameshauliza nimemletea nini.

Sasa nisikilize vizuri. Kaseti yenyewe, ile ya kwanza niliyomrekodia mzee, iko kwenye sanduku langu la bati, chini ya nguo za Idd, haina maandishi. Mpe mtu anayesafiri kuja huku, mkono kwa mkono, usiitie posta. Usiikate popote, hata pale utakapodhani hamna kitu ila mvua. Shamsa amenunua redio ya kurekodia. Anasema pale mama yake aliponyamaza ni mahali pake yeye, na anataka kumjibu, swali moja moja.

Mama yako,
Halima