Paa Letu Halivuji

Ndugu yangu wa kitanda cha juu bwenini, nimefukuzwa sebuleni kwetu. Sebuleni KWETU!

Unamjua yule mwongozaji wa tamthilia za sisi tusio maskini wala matajiri? Leo anarekodi hapa nyumbani. Mama kafua mapazia mara mbili.

Jamaa akaingia, akatazama dari, akaguna: "Pamependeza mno." Akaagiza dari ipakwe doa la mvua, na chini yake akaweka ndoo. NDOO! Eti paa linavuja, ndiyo uhalisia.

Paa hilo baba alilipanda mwenyewe kuliziba, akateguka mguu, akaenda kazini akichechemea wiki mbili. Na mtaa mzima utatazama.

Basi kamera ilipowaka nikaingia kwa heshima zote, nikaipindua ndoo, nikaikalia.

"Kata! Kijana, ondoka hapo!"

"Shikamoo. Paa letu halivuji."

Mara tatu, ndugu yangu. Ya tatu nikabebwa kama gunia.

Mama akatoka jikoni. Nikajua leo ndiyo leo. Akanipita bila kunitazama, akaokota ndoo, akamkabidhi mwongozaji.

"Mwanangu hana adabu," akasema, "lakini si mwongo."

Jamaa macho yakamtoka. "Mama, hiyo ni safi kabisa! Irudie, kamera ilikuwa imezimwa."

"Sirudii."

Nimeadhibiwa kuosha vyombo vya kikosi chao chote. Naosha huku napiga mluzi. Kupitia dirisha la sebule namwona aliyepaka doa analifuta, na mama kamshikia ngazi.